Roboti, kioo au mazoezi ya nyumbani: uchague ipi baada ya kiharusi?

Mgonjwa wa kiharusi akisharuhusiwa kutoka wodini, swali hugeuka. Siku za mwanzo familia ndiyo inayouliza: atapona? Wiki chache baadaye familia ndiyo inayoulizwa: mtamfanyisha mazoezi wapi, mara ngapi kwa wiki, kwa mashine au kwa mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia? Kila mwenye tiba yake huja na sentensi ileile, kwamba utafiti umeonyesha inasaidia. Na mara nyingi hasemi uongo.

Shida ni kwamba karibu kila kitu husaidia ukikilinganisha na kulala kitandani. Kwa hiyo nikisoma utafiti wa tiba ya viungo, kabla sijatazama matokeo natafuta jambo moja: kundi la pili, lile ambalo halikupata tiba inayopimwa, lilikuwa likifanya nini muda huo? Kama lilikaa tu, ushindi wa kundi la kwanza unaniambia kwamba mazoezi ni bora kuliko kukaa, jambo ambalo bibi yangu angeniambia bure. Kama lilifanya mazoezi kwa saa zilezile bila mashine, hapo ndipo mashine imepimwa kweli. Nitazipitisha tiba zinazotajwa sana kwenye chujio hilo, na kila mahali nitasema ningechagua ipi.

Kuamshwa mapema, au mapema mno?

Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kwamba mgonjwa ainuliwe kitandani haraka iwezekanavyo, maana kulala kunaleta nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda miguuni. Hoja ni nzuri. Jaribio la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet, liliipima kwa wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5, zikiwemo Australia, Malaysia na Uingereza. Kundi moja liliinuliwa ndani ya saa 24 na kufanyishwa mazoezi mengi nje ya kitanda. Jingine lilipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 3, waliokuwa wakijitegemea au wenye ulemavu mdogo tu walikuwa asilimia 46 katika kundi lililowahishwa, na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Waliokazaniwa zaidi ndio walioishia pabaya kidogo.

Sasa liulize chujio. Hiyo "huduma ya kawaida" haikuwa kulala. Mgonjwa wa katikati katika kundi hilo aliinuliwa mara ya kwanza saa 22 na nusu hivi tangu kiharusi kimpate, na yule wa kundi lililowahishwa saa 18 na nusu. Tofauti ya kuanza ilikuwa saa nne tu. Kilichotofautiana sana ni kiasi: dakika 31 kwa siku dhidi ya 10. Na takwimu zilezile zilipochambuliwa upya, vipindi vifupi vya mara kwa mara viliambatana na matokeo mazuri kuliko vipindi virefu.

Kwa hiyo ukimkuta mgonjwa wako siku ya kwanza au ya pili ameketishwa dakika chache kisha akarudishwa kulala, usidhani amepuuzwa. Hasira ya kudai mazoezi makali iweke akiba. Utaihitaji baadaye, tena sana.

Mkono: hapa ndipo penye soko

Mtu anaweza kutembea kwa mguu mgumu kama gongo na bado akafika aendako. Mkono hauna msamaha huo. Usiposhika kikombe, basi haujashika. Ndiyo maana vifaa vingi, na bei kubwa kubwa, viko upande wa mkono.

Kabla ya kulinganisha chochote, tazama vidole. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2010 kwamba mgonjwa anayeweza, ndani ya siku chache za kwanza, kunyoosha vidole japo kidogo na kuinua mkono kwenda ubavuni kutoka begani, ana uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi 6. Asiyeweza lolote kati ya hayo mawili ana asilimia 25. Ni kipimo cha dakika moja, hakihitaji mashine, na kinakuambia unanunua kwenye duka lipi.

(Neno moja kuhusu kale kampira ka kufinya ambako kila mgeni anakaleta. Kwa wagonjwa wengi kufunga ngumi si tatizo. Vidole vinajikunja vyenyewe kwa sababu misuli imekaza. Kazi ngumu ni kuvifungua. Muulize mtaalamu wenu kabla mgonjwa hajatumia miezi akizoeza kile ambacho tayari anakiweza.)

Vidole vikisogea hata kidogo, tiba yenye historia ndefu ni ya kuufunga mkono mzima, yaani ule ambao haukupooza. Mwanasaikolojia Edward Taub wa Alabama, Marekani, aliianzia kwenye majaribio ya nyani: mnyama ambaye mkono wake umepoteza hisia huacha kuutumia hata pale anapokuwa ameshapata uwezo wa kuutumia. Amejifunza kutoutumia. Binadamu naye hufanya vivyo hivyo, kwa sababu mkono mzima ni mwepesi, na maisha hayasubiri. Tiba ni kuuvisha mkono mzima glavu nene, kisha kuulazimisha ule dhaifu ufanye kazi.

Jaribio la EXCITE la mwaka 2006, lenye wagonjwa 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, lilitumia wiki mbili: glavu kwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, na mazoezi ya hadi saa 6 kila siku ya kazi. Mwaka mmoja baadaye, muda wa kukamilisha kazi za mkono katika kipimo chao ulikuwa umeshuka kutoka wastani wa sekunde 19.3 hadi 9.3. Kundi la kulinganishia lilishuka pia, kutoka 24.0 hadi 17.7. Tofauti ni ya kweli na ilidumu. Ila kundi la pili lilipata huduma ya kawaida tu, ambayo kwa wengine ilikuwa karibu na kutopata kitu. Je, ni glavu iliyofanya kazi, au ni zile saa 6? EXCITE peke yake haiwezi kukujibu. Mimi nadhani glavu ni njia ya kumfikisha mtu kwenye saa 6, na ni njia ya busara, lakini mwenye kazi ni saa.

Kuna takwimu moja inayonifanya niamini hivyo. Catherine Lang na wenzake walikaa na kuhesabu, katika vituo vya Marekani na Kanada, mgonjwa anarudia mara ngapi harakati yenye kazi halisi kwa mkono wake katika kipindi kimoja cha tiba. Ripoti yao ya mwaka 2009 inasema ni wastani wa mara 32, na hiyo ni kwa vipindi ambavyo harakati hizo zilifanywa kabisa. Karibu nusu ya vipindi vya mkono havikuwa nazo. Katika majaribio ya wanyama, ambako ndiko matumaini yetu ya ubongo kujipanga upya yalikotoka, mnyama hurudia mamia kwa siku. Tunamnyima mgonjwa dozi, kisha tunashangaa dawa haifanyi kazi.

Ndiyo sababu roboti inavutia. Haichoki, haina foleni ya wagonjwa wengine, na kwa kipindi kimoja inaweza kumfanyisha mtu harakati mia kadhaa. Uingereza ilifanya jaribio kubwa kuhusu hili, RATULS, likachapishwa mwaka 2019. Washiriki walikuwa 770, na uzuri wake ni kwamba lilikuwa na makundi matatu: roboti, mazoezi ya ziada na mtaalamu kwa muda uleule (dakika 45, mara 3 kwa wiki, wiki 12), na huduma ya kawaida. Waliofikia lengo la matumizi ya mkono baada ya miezi 3 walikuwa asilimia 44 kwa roboti, 50 kwa mtaalamu, 42 kwa huduma ya kawaida. Kitakwimu hakuna aliyeshinda.

Hapo pana funzo ambalo halimo kwenye vipeperushi vya mashine. Kwa kipimo cha harakati zenyewe, yaani bega na kiwiko vinasogea kiasi gani, kundi la roboti lilifanya vizuri kidogo kuliko huduma ya kawaida. Lakini mshiriki hakuweza kufungua chupa kwa ajili hiyo. Roboti ilizoeza mkono kusukuma mpini mezani, na mkono ukawa hodari wa kusukuma mpini mezani. Ubongo hujifunza kile unachofanyishwa, si kile kinachofanana nacho. Ukiuziwa roboti kwa maneno ya "alama zimepanda," uliza ni alama za kipimo gani.

Vidole visiposogea kabisa, glavu haina maana, itakuwa mateso. Hapo napenda kioo. Mgonjwa anaketi, kioo kinasimamishwa katikati ya mwili wake, mkono dhaifu unakaa nyuma yake. Anaposogeza mkono mzima na kutazama kwenye kioo, macho yanauona mkono uliopooza ukisogea. Wazo hili lilianzia kwa V. S. Ramachandran, aliyelitumia kwa watu waliokatwa mkono na bado wakawa wanahisi maumivu yake. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 62 zenye washiriki 1,982, na hitimisho lake ni kwamba kioo kikiongezwa kwenye tiba nyingine husaidia harakati kwa kiasi, na shughuli za kila siku pia. Tafiti nyingi humo ni ndogo, kwa hiyo sitegemei miujiza. Lakini kioo hakimchoshi mlezi, hakiwezi kumwangusha mtu, na hakina bei ya kutisha.

Upande wa mbali kabisa kuna kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji chini ya ngozi ya kifua na kuunganishwa na neva ya vegasi, inayotoka kwenye ubongo na kupita shingoni. Mgonjwa anapofanya harakati sahihi, mtaalamu anabonyeza, na neva inapata mshtuko mdogo wa nusu sekunde. Inadhaniwa kwamba ishara hiyo huuambia ubongo, hili lihifadhi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa na watu 108, waliokuwa na kati ya miezi 9 na miaka 10 tangu kiharusi cha mshipa kuziba. Na hapa chujio linapita vizuri kuliko kwingine kote: wote 108 walipasuliwa, wote walipandikiziwa, wote walifanya mazoezi yaleyale kwa wiki 6. Nusu tu ndio neva zao zilichochewa wakati wa mazoezi. Siku 90 baadaye, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47 dhidi ya 24. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani ikakiidhinisha.

Ni ushahidi safi, lakini tazama mizani yenyewe: wastani wa ongezeko ulikuwa alama 5.0 dhidi ya 2.4, kwenye kipimo cha alama 66. Na ni upasuaji shingoni, wenye hatari ya sauti kukwama.

| Njia | Inamfaa nani | Ilishindanishwa na nini | Gharama yake halisi |
|---|---|---|---|
| Kufunga mkono mzima | Anayeweza kuinua kiganja na vidole kidogo | Huduma ya kawaida | Saa nyingi, uvumilivu wa nyumba nzima |
| Kioo | Hata ambaye vidole havisogei | Mchanganyiko, tafiti nyingi ndogo | Karibu hakuna |
| Roboti | Mwenye mkono dhaifu sana hadi wa kati | Mtaalamu kwa saa zilezile, na huduma ya kawaida | Mashine na safari za kituoni |
| Kuchochea neva ya vegasi | Kiharusi cha zamani cha mshipa kuziba, harakati zipo kiasi | Kifaa kilekile, mazoezi yaleyale, bila kuchochea | Upasuaji |

Ningekuwa mimi: vidole vikisogea, glavu na kazi halisi za mikono, hata kwa saa 2 au 3 kwa siku kama 6 haziwezekani. Visiposogea, kioo kila siku, na vidole vipimwe upya kila mwezi. Roboti ningeikubali ikiwepo kituoni kwa bei ya kawaida, kama nyongeza. Nisingeuza kitu kwa ajili yake. Kifaa cha vegasi ningekifikiria tu baada ya mazoezi mazito ya miezi kadhaa kufika ukingoni.

Na kukandwa? Mgonjwa anapolala na mtaalamu anamnyoosha mkono, anayefanya mazoezi ni mtaalamu. Kunyooshwa kuna nafasi yake katika kuzuia viungo visigande na kupunguza maumivu, lakini kusihesabiwe katika zile harakati. Vilevile asivutwe mkono dhaifu anapoinuliwa. Bega lililopooza halina misuli ya kulishikilia, na likianza kuuma, tiba ya mkono wote husimama.

Mguu: mashine ya kutembelea dhidi ya sebule

Kwenye vituo vikubwa utaona mashine yenye mkanda unaozunguka, na mgonjwa ananing'inizwa juu yake kwa mikanda kama ya mwamvuli wa ndegeni, miguu ikihesabu hatua. Inapendeza kutazama. Mwaka 2011 jaribio la LEAPS huko Marekani liliwagawa watu 408 makundi matatu: mashine kuanzia mwezi wa 2, mashine kuanzia mwezi wa 6, na mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba nyumbani chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Vipindi vilikuwa 36 kwa kila kundi, vya dakika 90.

Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wamepanda daraja katika uwezo wa kutembea, na makundi hayakutofautiana. Waliofanyia nyumbani hawakuachwa nyuma. Zaidi ya nusu ya washiriki, asilimia 57.6, walianguka angalau mara moja, na kwa wenye udhaifu mkubwa wa kutembea, walioanza mashine mapema ndio walioanguka mara nyingi zaidi.

Hapa siyumbi: nyumbani, mradi mtaalamu aje. Neno "nyumbani" katika LEAPS halikuwa na maana ya kuachiwa karatasi yenye picha za mazoezi. Ilikuwa ratiba ileile, uzito uleule, jicho lilelile.

Kwa mguu unaoburura vidole, wengi huulizwa wachague kati ya banzi la kifundo na kifaa cha umeme kinachochochea neva chini ya goti ili nyayo iinuke. Majaribio yaliyovishindanisha yalikuta kasi ya kutembea inalingana. Wanaotumia umeme mara nyingi hukipenda zaidi kifaa chao. Banzi halihitaji betri. Anayetembea sana na anayechukia viatu vikubwa ajaribu umeme kabla hajanunua. Wengine banzi linawatosha.

Kituoni, nyumbani, au kupitia skrini

Familia nyingi huliona hili kama swali la mapenzi: kumwacha kituoni ni kumtelekeza, kumleta nyumbani ni kumpenda. Utafiti hauoni hivyo. Siku za mwanzo, wodi maalumu ya kiharusi, yenye madaktari, wauguzi, wataalamu wa fiziotherapia, wa tiba kwa vitendo na wa kumeza na kuongea wanaofanya kazi kama kikosi kimoja, huokoa maisha na kuongeza wanaojitegemea. Hilo limethibitishwa na majaribio mengi, na kwangu halina mjadala. Kama ipo, aende.

Ugumu ni baada ya hapo, kwa sababu "nyumbani" limekuwa jina la vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni kuruhusiwa mapema huku kikosi cha wataalamu kikimfuata mgonjwa nyumbani. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, majaribio 17, yalikuta kwamba kwa wenye ulemavu mdogo hadi wa kati, kwa kila watu 100 kuna watu 5 zaidi wanaonusurika kifo au utegemezi. Lakini kikosi ndicho kilichofanya kazi hiyo, hasa kikosi kinachokutana na kupanga pamoja. Kuruhusiwa mapema bila kikosi ni kuondolewa kitandani tu.

Cha pili ni familia yenyewe kufundishwa kuwa wataalamu. Jaribio la ATTEND nchini India, wagonjwa 1,250, lilichapishwa mwaka 2017. Ndugu walifunzwa hospitalini jinsi ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi ya kazi halisi, na mafunzo yakaendelea nyumbani hadi miezi 2. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kila kundi. Sawasawa kabisa. Nililiona hili kwa huzuni, maana ni tiba ambayo kila mtu alitaka ifaulu. Simaanishi mlezi hana kazi. Namaanisha kwamba mlezi ambaye tayari anapika, anaosha, anamgeuza mgonjwa na kupata usingizi wa saa nne tu hawezi pia kuwa dozi nzima ya tiba, na kituo kinachomwambia "mtamalizia wenyewe" kinamkopesha deni.

Cha tatu ni skrini. Steven Cramer na wenzake, mwaka 2019, waliwagawa watu 124 wenye mkono dhaifu: wengine vipindi 36 vya dakika 70 kliniki, wengine idadi ileile nyumbani kupitia kompyuta yenye michezo ya mazoezi, nusu ya vipindi mtaalamu akiwaona kwa video na nusu wakiwa peke yao. Kwenye kipimo kilekile cha alama 66, wa kliniki waliongezeka alama 8.36, wa nyumbani 7.86. Haziachani.

Linganisha ATTEND na jaribio la Cramer uone. Yote ni nyumbani. Moja lilipeleka maarifa na kuiachia familia kiasi. Jingine lilipeleka kiasi chenyewe, kikiwa kimehesabiwa, kipindi kwa kipindi. Kwa anayeishi mbali na kituo, skrini yenye ratiba ingekuwa chaguo langu kabla ya kuhamia mjini.

Vidonge

Hapa ni pafupi. Mwaka 2011 jaribio dogo la Ufaransa la watu 118 lilionyesha kwamba fluoksetini, dawa ya sonona, iliharakisha kurudi kwa harakati. Madaktari wengi wakaanza kuwaandikia wagonjwa wao. Kisha yakaja makubwa: FOCUS la Uingereza na watu 3,127, na mengine mawili ya Sweden na ya Australia, New Zealand na Vietnam. Hakuna lililoona faida kwa kujitegemea. Katika FOCUS sonona ilipungua, kutoka asilimia 17.21 hadi 13.43, na mifupa iliyovunjika ikaongezeka karibu maradufu, kutoka 1.47 hadi 2.88. Mgonjwa mwenye sonona atibiwe sonona, na wako wengi, kiasi cha mmoja kati ya watatu. Asiye nayo asimeze dawa hiyo kwa ajili ya mkono.

Ile habari ya miezi sita

Utaambiwa kwamba baada ya miezi 6 mlango umefungwa. Chanzo cha imani hii kinafahamika: utafiti wa Copenhagen wa mwaka 1995 uliwafuata wagonjwa 1,197 na kukuta asilimia 95 walifikia uwezo wao wa juu ndani ya wiki 13 hivi. Lakini huko walifuatwa wakipata tiba ya kawaida ya siku zile. Unaeleza watu huishia wapi kwa dozi hiyo. Hausemi dozi kubwa ingewafikisha wapi.

Kuna ushahidi kwamba wakati una uzito. Jaribio la mwaka 2021 liliwapa watu 72 saa 20 za ziada za mazoezi kwa nyakati tofauti, na waliozipata miezi 2 hadi 3 tangu kiharusi ndio walionufaika zaidi. Waliozipata baada ya miezi 6 hawakuonyesha faida. Ukiwa na pesa au likizo ya kutumia mara moja, itumie katika dirisha hilo.

Kwa upande wa pili, programu ya Queen Square huko London hutoa saa 90 za tiba ya mkono ndani ya wiki 3, na watu 224 walioripotiwa mwaka 2019, wengi wao wakiwa wamepita mwaka mzima tangu kiharusi, waliongezeka na kubaki walipofika hata miezi 6 baadaye. Chujio? Hakukuwa na kundi la pili. Lakini watu ambao hali yao ilikuwa imesimama muda mrefu hawaongezeki kwa bahati ndani ya wiki tatu. Marekani nako, watu wasiofika 40 wenye kiharusi cha zaidi ya mwaka walifanya saa 5 kwa siku kwa siku 60: wengine kwa mtaalamu tu, wengine wakiongezewa roboti, wengine umeme wa misuli. Makundi yote matatu yalipanda, na hakuna lililolizidi jingine.

Saa 20 baada ya miezi 6 hazikutosha. Saa 90 na saa 300 zilisogeza. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2023 sasa unataka mgonjwa apewe angalau saa 3 za tiba kwa siku, siku 5 kwa wiki au zaidi. Hicho ndicho kipimo cha kukipimia kituo chochote unachotembelea. Usianzie kwenye mashine walizonazo. Omba ukae kipindi kimoja nyuma ya chumba, na uhesabu kidole kwa kidole mara ambazo mgonjwa, si mtaalamu, amesogeza kiungo chake.

Ukishachagua, nawe uwe na kundi lako la kulinganishia, yaani mgonjwa yuleyule wiki mbili zilizopita. Pima mita 10 sakafuni na saa ya simu. Anayezitembea kwa zaidi ya sekunde 25 kwa kawaida maisha yake huishia ndani ya nyumba. Anayezitembea chini ya sekunde 12 na nusu anaweza kuzunguka mtaani kama wengine. Kwa mkono, mpe kikombe cha plastiki na dakika moja, akihamishe kutoka upande huu wa meza hadi ule, na uhesabu. Andika tarehe na namba ukutani anapoiona. Namba ikisimama kwa wiki 4, mpelekee mtaalamu karatasi hiyo, na umuulize anabadilisha nini Jumatatu.